Mama wa simu na samaki wa mto Ethiope

Mwanangu alipotua Heathrow mwezi wa pili mwaka 2022, alinipa mkono, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo." Ndivyo mtoto mwenye adabu anavyomsalimu mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Alikuwa na miaka saba. Nilimwacha Mwanza akiwa na mitatu. Baba yake, ambaye ndiye aliyekwenda kumchukua, aliinamia mabegi kama anayetafuta kitu. Nikajibu, "Marahaba, mwanangu," nikamkumbatia, naye akasimama wima ndani ya mikono yangu akisubiri nimalize.

Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa amebeba jina la marehemu baba yangu. Miaka minne alilelewa na mama yangu Kirumba, karibu na mwaloni, ambako mama anauza dagaa tangu mimi mwenyewe nikiwa mdogo. Wiki ya kwanza hapa Luton nilimsikia akiongea naye kwa video. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, sauti ya chini. Akamwambia, "Mama, huyu mama wa simu anapika ugali mlaini kama uji." Mama upande wa pili alicheka, kisha akanyamaza ghafla. Nadhani alijua ninasikia.

Mama wa simu. Kazini nimezoea kuitwa kila jina na wagonjwa waliochanganyikiwa saa nane za usiku, na nikifika nyumbani nimeshasahau. Hili halikusahaulika kwa sababu lilikuwa sahihi. Kwa miaka minne mimi nilikuwa uso kwenye kioo cha simu, unaouliza, "Umekula? Umesoma? Mpe bibi simu." Kama unasoma haya ukiwa Muscat, Minneapolis au Birmingham, na una mtoto uliyemwacha kwa bibi yake, sina haja ya kukueleza zaidi.

Mwezi wa nne mwalimu wake aliniita. Alisema Babu hana ugomvi na mtu, hesabu anafanya vizuri, lakini haongei. Wenzake wakitoka kucheza, yeye anasimama kwenye korido mbele ya tangi la samaki la shule mpaka kengele ilie. Akili yangu ya uuguzi ilianza kupanga orodha: masikio, usemi, msongo, nani wa kumwona kwanza. Nilipomweleza baba watoto usiku ule, alivua viatu vyake vya ghalani taratibu, akasema, "Mtoto wa mwaloni anaangalia samaki. Ajabu iko wapi?"

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote watatu kwenye duka la samaki wa kufugwa. Babu alipita matangi ya samaki wa dhahabu bila kugeuka. Alisimama mbele ya tangi moja la chini, karibu na sakafu, akachuchumaa. Ndani kulikuwa na samaki wadogo, wakubwa wao hawafiki urefu wa kiganja. Wana mstari mweusi ubavuni kutoka mdomoni hadi mkiani. Dume lina mkia wenye madoa meusi kama macho, yamezungushiwa njano. Jike ni dogo na nene zaidi, na tumbo lake lina rangi ya zambarau iliyoiva, kama mtu aliyemwagikiwa juisi ya rozela. Muuzaji alituambia wanatoka Afrika Magharibi. Babu akamtazama baba yake, akasema kwa Kiswahili, "Na hawa wameletwa?" Baba yake akajibu, "Na hawa wameletwa." Tukanunua wawili, tukawalipia kabisa, lakini tukawaacha dukani kwanza. Kwa nini tuliwaacha, nitaeleza.

Madukani samaki huyu anaitwa kribensis, wengine wanafupisha na kusema krib. Jina lake la kisayansi ni Pelvicachromis pulcher, na neno hilo la pili kwa Kilatini ni "mzuri". Jina la dukani lina kichekesho chake. Linatokana na Kribi, mji wa pwani ya Kameruni, lakini samaki wa Kribi hasa ni ndugu yake mwingine. Huyu wa dukani kwao ni kusini mwa Nigeria na sehemu za Kameruni, kwenye mito na vijito vya maji ya uvuguvugu vyenye majani mengi. Amebandikwa jina la mji wa watu na watu wamelizoea, basi amekaa nalo. Wangapi kati yetu tumeandikwa kwenye paspoti jina la mahali ambako hatujawahi kulala?

Wodini nina mwenzangu, dada wa Kinaijeria kutoka Sapele, jimbo la Delta, tunayepangiwa naye zamu za usiku. Nilipomwonyesha picha kwenye simu alishika mdomo. Alisema samaki hao wako kwao, kwenye mto Ethiope, na alipokuwa mdogo waliwashika kwa kitambaa pembezoni mwa maji, wakawatia kwenye kopo na kuwarudisha jioni. "Mnawauza kwa bei hiyo?" aliuliza. Nikamwambia siwauzi mimi, nawanunua. Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha nne akaamka. Ni kweli pia kwamba wengi wa hawa wa madukani hawajauona mto wowote. Wamezalishwa kwenye matangi, na bibi zao na mababu zao vilevile. Nilimwambia hilo, naye akasema, "Hata hivyo ni wa kwetu."

Sasa nieleze kwa nini tuliwaacha dukani. Tangi jipya ni kama mgonjwa ambaye figo zake hazifanyi kazi. Samaki anatoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia ni sumu. Mtoni maji yanaibeba. Ndani ya kioo inakaa palepale na samaki anaivuta tena. Kinachookoa ni bakteria wazuri, ambao hukaa kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa inaharibu uwezo wa damu kubeba hewa. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao ndio figo za tangi, na huchukua wiki kadhaa kukua. Watu wengi hununua tangi na samaki siku moja, na baada ya siku chache wanawatupa chooni wakidhani walikuwa wagonjwa.

Basi tukaweka tangi la lita themanini sebuleni, tukatia mchanga, maji yaliyotolewa klorini, hita ya kushikilia nyuzi 25, chujio, na chembe chache za chakula cha samaki zioze ili bakteria wapate cha kula. Kisha tukasubiri, tunaangalia maji matupu. Nilimchorea Babu karatasi kama ile ya wodini tunayoandikia mapigo ya moyo na joto la mgonjwa. Safu ya tarehe, ya amonia, ya nitriti, ya nitrati. Kila jioni alitia matone kwenye vichupa, akatikisa, akalinganisha rangi, akaandika. Hakuniita, aliandika tu. Nikiwa zamu ya usiku, nilikuta karatasi imejazwa kwa mwandiko wake wa Mwanza, herufi zimesimama kama askari.

Siku ya ishirini na mbili nilirudi saa mbili asubuhi, nimechoka, nikamkuta mlangoni na begi la shule mgongoni. Akasema, "Amonia imeshuka." Hakusema shikamoo kwanza. Niliona hiyo ni heshima kubwa kuliko shikamoo.

Samaki waliingia wiki ya sita. Walihitaji pango, kwa sababu krib hutaga ndani ya shimo. Dukani wanauza mapango ya udongo, lakini nilikumbuka nina mbuzi ya kukunia nazi niliyoibeba kwenye sanduku kutoka nyumbani, baba watoto akinicheka. Nikanunua nazi kwenye duka la Wahindi, nikaivunja, nikaikuna, tukala wali wa nazi wa haja. Kifuu kimoja nikakikwangua, nikakichemsha mara kadhaa mafuta na rangi vitoke, baba yake akakata mlango mdogo ukingoni kwa msumeno, tukakifudikiza kwenye mchanga. Tunasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Hapa kifuu kilikuwa nyumba, na lita themanini ndiyo bahari.

Jike ndilo lililotongoza. Kwa krib ndivyo ilivyo. Linajikunja mbele ya dume kama upinde ili tumbo lile la zambarau lionekane, linatetemeka, kisha linaelekea pangoni na kugeuka kuona kama linafuatwa. Baba watoto alisema, "Mimi nilifuata hivyohivyo." Kwa mara ya kwanza nilimwona Babu akicheka mbele yangu na si ndani ya simu.

Siku moja jike halikuonekana. Dume lilikuwa linazunguka nje ya kifuu na kumfukuza hata konokono. Babu akasema, "Ametaga. Usimsumbue." Nilikuwa nimetoka zamu. Nilitaka kuona. Nilitaka, nakiri, kumwonyesha kwamba na mimi najua mambo ya samaki, kwamba mimi ni mtu wa nyumba hii. Nikachukua tochi ya simu, nikapandisha mkono wa sweta, nikakiinua kifuu. Kwenye dari yake kulikuwa na mayai ya rangi ya kahawia, yamebandikwa mstari kwa mstari. Babu alisema, "Usiinue," lakini nilikuwa nimeshainua. Nikayatazama kwa sekunde chache, nikakirudisha.

Asubuhi mayai hayakuwepo. Jike lilikuwa nje na rangi imefifia. Ni jambo la kawaida kwa wanandoa wapya wa samaki hawa. Wakiogopeshwa, hula mayai yao wenyewe. Babu alisimama mbele ya kioo na nguo za kulalia. Akasema, "Wamewala watoto wao." Nikaanza kumweleza kuhusu hofu, kuhusu mara ya kwanza, kuhusu nguvu ambazo mama anazihitaji ili atage tena. Akanikatiza, bila kugeuka, "Na wewe kwa nini hukuja kunichukua?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nalo kwa miaka minne, limenyooshwa kama sare ya kazi. Nikasema viza. Nikasema korona. Nikasema pesa, mtihani wa kusajiliwa, nyumba ndogo, zamu za usiku. Yote hayo yalikuwa kweli. Aliposikia mpaka mwisho akasema, "Sawa," akaenda kuvaa sare ya shule.

Siku ile sikulala. Saa sita mchana nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hujalala?"

Nikamweleza habari ya mayai. Alinisikiliza, kisha akauliza swali alilouliza tangu tuliponunua samaki hao: "Lakini hao hawaliwi kabisa?" Nikamwambia hawaliwi. Akaguna. Akaniambia nimwonyeshe, nikageuza kamera. Mama amewatazama samaki kwa miaka zaidi ya arobaini, na alihitaji dakika moja tu. "Hao ni furu," akasema. "Furu wa mbali, lakini furu."

Alikuwa sahihi. Krib, furu, sato na kuhe wa Ziwa Tanganyika wote ni ukoo mmoja wa samaki. Mama anawakumbuka furu wa zamani, wa rangi zote, ambao alipokuwa msichana walijaa kwenye vikapu. Ziwa letu la Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu zisizopatikana kwingine duniani. Sangara aliletwa ziwani na watu kuanzia miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amewala mpaka aina nyingi zikapotea kabisa. Mimi nimezaliwa wakati viwanda vya minofu vinakuja na furu wanakwisha. Kwa mama, neno furu ni kama jina la jirani aliyehama bila kuaga.

"Unajua furu jike anavyolea?" akaniuliza. "Anaweka mayai mdomoni. Hali chakula. Wakianguliwa bado yuko nao mdomoni. Ukimvua wakati huo, ukimfungua, wanamwagika watoto." Nilijua, maana hata sato hufanya hivyo, lakini nilimwacha aseme. "Mimi huyo Babu nilimweka mdomoni miaka minne. Sasa nimekutemea. Usiniulize mimi umwambie nini. Mwambie ukweli, anaujua nusu."

Sikumwuliza nusu gani. Niliijua mwenyewe.

Jumamosi tulikuwa tunabadilisha maji, yeye ameshika mpira wa kunyonya, mimi ndoo. Nikamwambia, "Babu, lile swali lako sikulijibu vizuri. Mwaka 2021 ningeweza kukuleta. Viza ingewezekana na nauli ilikuwepo. Nilikuwa namalizia shahada yangu. Hapa nilikuja na diploma, na nilitaka shahada ili nipande daraja. Niliogopa kwamba nikikuleta mwaka ule, nitashindwa kusoma. Nikachagua kusoma. Baba yako alitaka uje, mimi ndiye niliyesema tusubiri. Si bibi, si serikali."

Akaangalia maji yanavyoingia kwenye ndoo. Akauliza, "Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

"Mama alisema utakuja Krismasi."

"Najua. Mimi ndiye nilimwambia aseme hivyo."

"Nilifunga begi," akasema. "Lilikaa mlangoni mpaka wakafungua shule." Kisha akasema, "Ndoo imejaa."

Nikaenda kumwaga ndoo chooni na nikakaa huko muda mrefu kuliko ndoo moja inavyohitaji. Niliporudi alikuwa ameshafungua maji mapya na kuyapima joto. Hatukukumbatiana. Sitaki mtu asome hapa akadhani tulikumbatiana. Lakini kuanzia siku ile alianza kuniuliza maswali, na mengi hayakuwa rahisi. Nani alipiga picha ile ya mahafali? Kwa nini baba naye aliondoka? Ningerudi kama yeye angeumwa? Nilijibu kila moja, hata pale jibu lilipokuwa linanivua nguo.

Wiki tano baadaye jike lilipotea tena ndani ya kifuu. Safari hii nilikaa mbali. Baada ya kama siku tatu mayai huanguliwa, na vifaranga wanabaki kwenye mchanga wa pango wakitikisika tu, bado wanakula kiini cha yai lao. Ilipofika siku ya nane wakatoka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni na sote watatu tulikuwepo nyumbani, jambo la nadra. Jike lilitangulia, na chini ya tumbo lake lile la zambarau kulikuwa na wingu la nukta ndogo zinazoogelea. Dume likawa linazunguka kwa nje. Kila baada ya muda walibadilishana. Mmoja alikaa na watoto, mwenzake akaenda kula na kulinda mpaka, kisha wakakutana uso kwa uso na kupeana nafasi. Baba watoto akasema, "Wanakabidhiana zamu." Ndivyo sisi tunavyoishi. Mimi naingia saa mbili asubuhi, yeye anatoka saa mbili na robo. Robo saa hiyo ndiyo ndoa yetu siku za kazi.

Kifaranga mmoja akapotea njia, akaelekea kwenye hita. Dume likamfuata, likamchukua mdomoni, likarudi naye na kumtema katikati ya wenzake. Babu akaruka. "Amemtema! Umeona? Amemtema kwa wenzake!" Akakimbilia simu ampigie bibi yake, na mimi nikasikia kutoka Kirumba sauti ya mama, juu ya kelele za mwaloni, ikisema, "Nilimwambia mama yako!"

Tuliwalisha artemia, wale kamba wadogo sana unaowaangua mwenyewe kwenye chupa ya maji ya chumvi, Babu akipima chumvi kwa kijiko. Si wote waliopona. Tuliwahesabu ishirini na sita walipokuwa na umri wa kutofautishwa, na ishirini walikuwa majike. Hilo nalo lina sababu. Watafiti wameonyesha kwamba kwa samaki huyu maji ya siku za mwanzo yana sehemu katika kuamua jinsia. Maji yenye tindikali hutoa madume zaidi, na yasiyo na tindikali hutoa majike zaidi. Maji ya Luton ni magumu, birika lako linavaa koti jeupe kila mwezi. Damu ya Ethiope, lakini maji ya Luton yamewapa sura yao. Nilimwambia Babu hivyo, akafikiri, akauliza kama na yeye atabadilika. Nikamwambia ameshabadilika, anakula tosti na maharage ya kopo. Akasema maharage ya kopo ni matamu mno, ya Mama ni bora. Hapo Mama ni mama yangu. Sijawahi kumrekebisha na sina mpango huo. Mwanamke aliyemlea anastahili jina lake.

Vifaranga kumi tuliwapa shule, wakaingia kwenye tangi la korido, na Babu ndiye aliyesimama mbele ya darasa kueleza wanakula nini. Mwalimu aliniambia aliongea dakika kumi na mbili. Jozi moja nilimpelekea dada wa Sapele. Aliwaweka jikoni kwake, na asubuhi baada ya zamu ananitumia picha bila maneno. Wengine walirudi dukani. Hata mmoja hatukumwaga kwenye mto au bwawa la hapa. Babu mwenyewe ndiye aliyeandika hilo kwa wino mwekundu kwenye karatasi yake, baada ya kusimuliwa na bibi yake habari ya sangara: "Usimwage samaki ziwani."

Nimeandika haya kwa sababu wasomaji wengi wa jarida hili wako pale nilipokuwa mimi mwaka 2021, wanafanya hesabu. Sitakuambia acha masomo. Shahada ile ndiyo inayolipa nyumba hii, na leo pengine ningeipigania tena. Ninachokuomba ni kidogo. Usimwahidi mtoto Krismasi usiyoijua. Ukichelewa kwa kuchagua, usilifiche chaguo lako nyuma ya viza, maana siku moja ataliuliza na utajikuta unajibu umeshika ndoo. Na akifika, usitegemee akukimbilie. Tafuta kitu ambacho nyinyi wawili mnaweza kukitazama bila kutazamana, iwe mchicha kwenye kopo au baiskeli mbovu. Kwetu ilikuwa samaki. Na usikiinue kifuu kabla ya wakati.

Babu sasa ana miaka zaidi ya kumi. Anaongea Kiingereza cha Luton na Kiswahili cha mwaloni, na matusi yake ya Kiswahili najua ameyatoa wapi. Sisi wawili ametugawia majina. Kule kuna Mama. Hapa kuna Mama Luton. Juzi usiku nilirudi mapema, zamu ilikuwa na watu wengi wakaniruhusu. Nyumba ilikuwa giza. Nikasimama mbele ya tangi na simu mkononi, kwa sababu jike jipya, binti wa lile la kwanza, halikuwa limeonekana tangu jana. Sauti ikatoka kwenye ngazi.

"Mama Luton, zima tochi."

Nikazima. Akashuka ngazi mbili, akakaa, akanisogezea nafasi. Tukakaa gizani tukisikiliza chujio likivuta maji.